Ubao Unaopanda Mlima

Jumamosi, 6 Aprili
Damelya kapita na kundi lake. Theluji imeisha, wanaanza tena kuteremka ile barabara ya juu kwa mbao zao za magurudumu. Nikauliza kama naweza kwenda nao. Akalitazama goti langu, akasema kwa upole kabisa nije tu niwashikie mikoba. Mikoba! Mimi niliyemfundisha kukata kona.
Tangu nipasuliwe goti, daktari kakataza kusukuma ubao kwa mguu. Kakataza na kuburuza mguu kufunga breki. Kuhusu kufunga mota kwenye ubao hajasema neno.

Jumatano, 10 Aprili
Mota nimepata, ya ubao wa umeme wa mtu uliovunjika. Betri nimechukua mpya — hapo sikutaka mchezo. Mama kasema bomu hilo halilali jikoni kwake. Basi liko roshani, juu ya kigae.
Sijawahi kulehemu maishani. Lehemu zangu za kwanza zilifanana na mavi ya mbuzi. Za mwisho zinang'aa. Nimeziangalia mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 14 Aprili
Mota imekaa kwenye ekseli ya nyuma, mkanda umevaa gurudumu. Mama kanishikia ubao mezani, magurudumu juu, uso kaugeuza kama mtu aliyeshika nyoka. Nikabonyeza rimoti. Gurudumu likazunguka — kinyumenyume.
"Torgyn mwanangu, hilo haliendi popote," Mama kasema. "Linataka kurudi lilikotoka."
Tumecheka mpaka chai ya maziwa ikapoa. Kumbe dawa yake ndogo: mota ina waya tatu, unabadilisha mbili nafasi. Likazunguka mbele. Mama akaomba rimoti naye abonyeze. Hakuirudisha upesi.

Jumamosi, 20 Aprili
Siku mbaya. Ubao wangu hunepa, boksi la betri nililolifunga chini yake halinepi. Nimeukanyaga tu — kraa! Boksi vipande viwili. Betri nimeikagua yote, nzima. Nikalia kidogo.
Halafu nikafikiri. Betri nimeihamishia mbele, pale ubao unapokuwa mgumu, kwenye boksi fupi. Kidhibiti mwendo kiko nyuma. Kati yao waya tu, zenye ulegevu wa kutosha. Nimekanyaga, nimerukaruka kwa mguu mzima. Kimya. Hakuna aliyenionyesha hili!

Jumatano, 1 Mei
Sikukuu, uwanja wa shule mtupu. Nilibonyeza kwa pupa: ubao ukaenda, mimi nikabaki. Chali. Goti salama, alhamdulillahi.
Mara ya pili nikainama mbele, kidole taratibu. Nikaenda. Nikaenda! Na breki — unarudisha kidole nyuma, ubao unatii. Miguu yote imetulia juu yake. Nilisahau raha ya upepo usoni.

Jumamosi, 4 Mei
Naandika nimekaa ukingoni mwa barabara ya juu, jiji lote la Almaty liko chini yetu.
Asubuhi kundi lilikuwa chini kule, linasubiri gari la kuwapandisha. Gari halikuja. Nikawapita nikipanda. Sikugeuka. Haya, niligeuka mara moja. Damelya akaruka juu ya ubao wake, akanikimbiza, akanishika kiunoni.
"Nivute."
Nikamvuta. Kwenye kona ya mitufaha mlima ukawa mkali zaidi, na mkanda — pa. Umekatika. Wenzake wametufikia kwa miguu, wanahema. Mmoja kasema ndiyo basi, hicho kitu hakina nguvu, turudi.
Nina mkanda wa akiba. Damelya kauliza unavishwaje. Nimempa spana.
"Legeza mota kwanza," nimemwambia. "Kisha visha mkanda, vuta mota nyuma, ndipo ukaze."
Kapiga magoti kwenye lami, mikono imejaa grisi. Wengine wameinama kuangalia, hata yule aliyesema turudi. Damelya anauliza kama inatosha. Nimeubonyeza mkanda kwa kidole. Bado. Kilele kinaonekana kutoka hapa. Anakaza tena —