Mkono wa Baba na Maji ya Kijani

Jumapili, Julai. Kibugu.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Tulirudi kanisani na nguo zenye unyevu, na sasa nyumba nzima inanukia moshi wa kuni na makoti yanayokauka karibu na jiko. Mashamba ya chai ng'ambo ya bonde hayaonekani. Nimekaa sebuleni na Baba. Yeye anatazama tangi la samaki, mimi ninamtazama yeye.

Nilikosea kuhusu fosfeti.

Wiki iliyopita niliandika hapa bloguni, kwa uhakika ambao sasa unanikera, kwamba maji ya tangi langu yamegeuka kijani kwa sababu ya fosfeti ya mbolea ya mashamba ya chai. Lakini kwa msomaji ambaye hakuwapo, nianze pale panapostahili.

Baba alipata kiharusi mapema mwaka huu. Mguu umerudi kiasi, na kwa fimbo anafika mlangoni. Mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani kama kitu alichokabidhiwa akitunze, na maneno yakapotea. Anaelewa kila kitu. Anatikisa kichwa, anaguna. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kubishana. Tumebishana kuhusu bei ya majani chai, kuhusu mahubiri, kuhusu kama shahada ya kemia ni kazi au ni karatasi ya kutundika ukutani. Alinipa jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kila alipozidiwa hoja alinikumbusha cheo hicho: "Sawa, baba, umeshinda. Sasa nenda ukamkamue ng'ombe."

Tangu augue, hakuna anayenipinga kwa kiwango kile. Nyumba imekuwa na adabu kupita kiasi.

Niliporudi kuishi nyumbani nilileta tangi langu kutoka chumba nilichopanga Embu mjini, kwa sababu Baba alikuwa akishinda akitazama ukuta. Redio hakuitaka. Mazoezi ya vidole aliyoonyeshwa hospitalini aliyakataa, akigeuza uso kama mtoto anayekataa uji. Tangi lilimpa mahali pa kuweka macho. Lina mimea hai inayoyumba majini na samaki wadogo wenye mikia ya rangi. Alijichagulia mmoja, wa manjano, mwenye mkia uliochanika, akawa anamfuata kutoka pembe hadi pembe.

Kisha maji yakaanza kugeuka.

Watu hudhani mwani ni uchafu. Mwani ni mmea kama mimea mingine, na hula kile kile: mwanga, naitreti, fosfeti. Virutubisho vikiwa na kipimo, mimea mikubwa hula kwanza na mwani hubaki na njaa. Vikizidi, mwani hula kuliko wote, kwa kuwa hauna haya. Hapa ulianza kama vumbi la kijani kwenye kioo, ukawa nyuzi juu ya majani, mwishowe maji yenyewe yakawa kama mchuzi wa mboga. Nilimwona Baba akiinama, pua karibu na kioo, akimtafuta samaki wake. Nilijua kwamba siku atakapokosa kumwona kabisa, atarudi kwenye ukuta.

Hapo ndipo nikajenga nadharia yangu. Maji ya mfereji hutoka mtoni, mto hupita chini ya mashamba, mashamba hutiwa mbolea, basi. Msomaji mmoja aliuliza kwa upole, katika maoni, kama kuna mtu anayewalisha samaki kupita kiasi. Nilimjibu kwa aya ndefu ambazo sasa naona haya kuzisoma. Sikuwa nimeyapima maji ya mfereji. Nilipoyapima Jumatano hayakuwa na la kulaumiwa. Ya tangi yalipotiwa matone ya kupimia naitreti yaligeuka mekundu yaliyokoza, dalili kwamba imezidi, nami nikabaki nimeshika kichupa nikitafuta mwingine wa kumshtaki.

Alhamisi nilitangaza kwamba tangi litafunikwa blanketi kwa siku tatu. Giza hudhoofisha mwani, na mimea mikubwa huvumilia. Mama alikuwa akichagua maharagwe ya githeri.

"Na baba yako ataangalia blanketi?"

"Ni siku chache tu, Mama. Hiyo ni sayansi."

"Basi sayansi nayo ikae siku chache bila chakula, tuone."

Wawira, dada yangu mdogo, alicheka hadi akashika meza. "Profesa, jifunike wewe kichwa. Pengine wazo litaota huko gizani."

Nililirudisha blanketi kitandani, tangi likabaki wazi. Lakini nilipowageukia niliwakuta wanatazamana, na ule haukuwa mtazamo wa watu wanaotania.

Jana nilipeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyapimia, nikarudi mapema kuliko walivyotarajia kwa sababu manyunyu yalizidi. Nilipita kando ya dirisha la sebule. Mama alikuwa ameshika mkebe wa chakula cha samaki, na Baba alikuwa ameingiza mkono ndani yake.

Mkono wa kulia.

Vidole vilifunguka polepole, kimoja kikimngoja mwenzake. Vikashika. Vikatoka vinatetemeka, vikavuka ukingo wa tangi, na konzi nzima ya chakula ikaanguka majini kwa mkupuo, chakula ambacho samaki wale wasingekimaliza kwa siku nyingi. Baba akaupumzisha mkono, akautazama kama mtu anayekagua kazi ya fundi, kisha akaurudisha mkebeni.

Nilisimama pale nje nikilowa. Kumbe hiyo ndiyo naitreti yangu.

Nilimfuata Mama jikoni.

"Ameanza lini?"

"Alipotaka mwenyewe. Mwanzo alikuwa anamwaga mezani. Siku hizi anafikisha."

"Mama, wale samaki watakufa. Chakula kinachobaki kinaoza, kinakuwa sumu."

"Kwani sioni rangi ya maji? Naiona. Lakini niliona kidole gumba kikifunguka, nikasema rangi ingoje."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe, umletee baba yako hotuba?"



Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Kinachochafua maji ndicho kinachofungua vidole. Nikiuondoa mkebe, maji yatatakata, samaki wataishi, na mkono utarudi kifuani. Nikiuacha, sumu itapanda, na asubuhi moja Baba atamkuta samaki wake anaelea ubavu. Sijui mtu aliyepoteza maneno anamwambia nani jambo kama hilo. Katika mijadala ya chuo ningechagua upande na kuutetea. Hapa pande zote mbili ni za Baba.

Kwa hiyo leo, tulipotoka kanisani, nilivua koti la Jumapili. Nilifyonza kwa mpira mabaki yaliyolala chini ya mimea, nikatoa nusu ya maji, nikaweka mengine niliyoyatia vuguvugu kwa birika, maana maji ya Kibugu mwezi huu yanaweza kumuua samaki kwa baridi tu. Wawira alibeba ndoo za kijani hadi kwenye sukuma wiki ya Mama, akilalamika kwamba hakusomea kazi hiyo. Mbolea ya maji niliyokuwa nikiipa mimea kila wiki nimeiweka kabatini. Mkono wa Baba unatosha.

Kisha nikafanya ujanja. Nilimimina chakula karibu chote kwenye chombo kingine, nikaacha kidogo chini ya mkebe. Amwage anavyotaka, niliwaza, hata akikimwaga chote hakitadhuru.

Nikampa. Aliupokea kwa mkono wa kushoto, akautikisa karibu na sikio, akasikiliza. Akaninyanyulia macho. Mtazamo ule naujua tangu utotoni. Ni wa mtu aliyeona palipo na upungufu katika hoja yako. Akanirudishia mkebe kifuani.

"Ongeza."

Alilisema kwa Kiembu, limelegea na kupinda upande mmoja kama mdomo wake, lakini lilikuwa neno. Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Ningepaswa kufurahi, kumkumbatia, kumshukuru Mungu. Mimi nilibisha, sijui kufanya vingine mbele ya mtu huyu.

"Hapana, Baba. Kikizidi wanakufa."

"Ongeza."

"Hata yule wako wa manjano. Atakufa, na wewe ndiye utakuwa umemuua kwa ukarimu."

Aligeukia tangi. Maji hayajatakata bado, ila sasa mtu anaona upande wa pili, na samaki alikuwa pale, anachezea shina la mmea. Mdomo wa Baba ulitafuta neno, haukulipata. Ndipo akauinua mkono wa kulia kutoka kifuani, akakisogeza kidole gumba hadi kikakaribia cha shahada, karibu sana, pakabaki nafasi ndogo tu kati ya vidole hivyo.

Kidogo. Ongeza kidogo.

Ni zoezi lile lile la hospitalini alilolikataa tangu mwanzo.

Nimeongeza kidogo. Mama amerudi jikoni, na mwiko ameusahau kwenye kochi. Baba amelisha, amemwaga zaidi ya alivyoahidi, nami nimeenda kuchukua ndoo.

Kesho nitabadilisha maji kabla ya kwenda kazini, na kesho kutwa vivyo hivyo, hadi mkono huo ujifunze kipimo. Ila sitakubali kushindwa kwa urahisi. Akisema tena "ongeza", nitambishia kwa kila hoja niliyo nayo, ili alazimike kutafuta neno la pili.