Mtu Kwenye Boksi

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili jioni

Mpendwa kaka,

Salamu tele. Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa vumbi la kiwandani? Huku mama hajambo, macho tu ndiyo yanamsumbua. Mwanao ameota meno ya mbele, anatafuna kila anachokiona. Mimi mzima wa mwili. Wa moyo sijui nisemeje.

Kaka, mkeo ameniuza. Samahani kukuambia hivihivi, lakini nikianza kuzunguka nitashindwa.

Unajua tunafundisha naye chekechea. Tulifika kwenye mifupa ya mwili, na picha ya ukutani watoto wanaitazama tu. Nikamwambia wifi, tukusanye mifupa ya mbuzi ya jikoni, tuichemshe, tuifunge kwa uzi, waone kiungo kinavyojikunja. Alifurahi kuliko mimi! Tuliisugua wote hapa uani, brashi anayo yeye, tunacheka mpaka mama akatufukuza, kisha tukaipeleka darasani kwenye boksi.

Watoto walipenda, jamani. Mtoto anakunja mfupa, anajishika kiwiko, macho yanamtoka. Basi mmoja akaenda kusema kwao, "Mwalimu ana mtu kwenye boksi."

Kesho yake wazazi wamejaa mlangoni mwa shule, wengine wanalia. Mwalimu mkuu akauliza mbele yao mifupa ni ya nini. Nikajibu ni ya mbuzi, muulizeni mwenzangu, tumeiosha naye. Wifi akatazama chini. "Mimi sijui. Hayo ni mambo yake."



Akaitwa daktari wa mifugo, akathibitisha, wazazi wakapoa. Lakini darasa nimenyang'anywa, eti nilifanya kwa kificho. Amepewa wifi. Mimi napanga vitabu stoo, nawasikia watoto wangu wakiimba upande wa pili wa ukuta.

Na jana, huwezi kuamini, kanifuata jikoni na goti la mbuzi mkononi, uzi umefumuka. "Wifi, hili linafungwaje?" Nikamfungia. Nikalifumua, nikamwelekeza mpaka akaweza, maana watoto hawana kosa. Akashukuru kama mtu aliyeazima chumvi.

Usinipigie kutusuluhisha. Nampenda mkeo, ndiyo maana inauma hivi. Ila radhi za jikoni sizitaki. Asimame palepale mlangoni, wazazi wakisikia, aseme, "Na mimi nilisugua."

Nisalimie mjomba, na binamu yetu Kifimbo mwambie nimemkumbuka. Mungu akulinde na mashine hizo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata baada ya kuyaandika haya.