Wivu wa Jeli

Silvester, acha unachofanya usome. Sajini Ladu amevunja mlango wa Kamisi, hapa hapa Koboko!

Mlango mzima! Kisa ni mke wake Sajini, Concy. Unajua tangu astaafu unesi anamfunga Kamisi kile kidonda cha sukari kilichofanya hospitali ya Arua itake kumkata mguu. Ladu kachungulia dirishani, akamwona Concy amepiga magoti, anamwosha Kamisi mguu kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kama anaosha mtoto.

Amepiga magoti, Silvester! Concy!

Ladu kaingia kama bado yuko jeshini. "Mimi bwana yako hujanipigia magoti tangu tuoane. Huyu mutu ni nani?" Akabandua ile jeli ya dawa iliyobandikwa kidondani, akaitupa nje. Kuku akaimeza. Naapa kuku yule hataugua tena maishani.

Kamisi karibu alie. "Sajini, hiyo ndiyo inatoa dawa kidogo kidogo ndani ya kidonda. Kilikuwa kinafunga! Sasa unataka wanikate?"

Concy akatoa jeli ya mwisho, akamsukumia Ladu beseni. "Umekichafua, kioshe. Piga magoti."

Na Sajini akapiga! Akaosha. Concy akaweka jeli, akafunga bandeji. Ladu bado ameshika ule mguu, akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona mimi hujawahi kuniosha hivi?"

"Wewe huna kidonda."

Sasa hivi nimempita Ladu kliniki. Yuko kwenye foleni ya kupima sukari, anaomba Mungu iwe juu.