Vaisi ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi 2025

Zege la sakafu limekauka. Hatimaye! Nimetembea juu yake bila viatu, Maingi akinicheka. Ndiye fundi ninayejenga naye karakana hii hapa uani, Buruburu.

Aliuliza mbona mlango hauna kizingiti, maji ya mvua yatazuiwa na nini. Nikamwambia achimbe mfereji. Mguu wa kulia wa Baba unaburuta tangu kiharusi cha Agosti. Sitaki ajikwae mlangoni.

Baba mwenyewe hajakanyaga uani. Anashinda sebuleni ameligeuzia dirisha mgongo, mkono wa kulia pajani na wa kushoto juu yake. Miaka thelathini karakana ya reli, kumi na minane akiunda makabati nami – leo anatazama ukuta. Anadhani najenga yangu. Hiyo yangu ni ya kazi gani bila yeye?

Jumatano, 5 Machi

Benchi la fundi hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Asimame wima, mikono chini. Kiganja kinapofika, ndipo mbao ilale. Baba alinifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na mitano.

Leo nimempima kwa kamba, nikijifanya namnyooshea koti.

– Mama, unanipimia sanduku?

Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mamake. Nikamjibu ni suruali. Akacheka! Upande mmoja tu wa mdomo, lakini akacheka.

Zamani ilikuwa inchi thelathini na nne. Kamba imesema thelathini na mbili. Nikaenda bafuni nikafungulia bomba, nikalia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuma! Amechonga penseli kwa kisu, kwa mkono wa kushoto. Vibaya mno, maskini penseli, lakini imechongeka. Aliponiona akaificha chini ya gazeti kama mtoto wa shule.

Basi nimeamua. Benchi lake litakuwa la mkono wa kushoto. Vaisi, ile ya kubania mbao, kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa benchi, ili mkono wa kulia usukume randa. Ya Baba itakaa kulia. Nimenunua kuukuu, chuma kizito, kule Industrial Area. Nimeibeba kama mtoto mchanga, mgongo sasa unaniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Mabati yamepanda. Mawili ni ya kupitisha mwanga, yako juu ya benchi kabisa. Soketi nimeziweka usawa wa kifua asije akainama. Mwanga ni mzuri mpaka nimesahau chakula cha mchana.

Alhamisi, 13 Machi

Maingi ameniua. Nilikuwa kwa mteja Eastleigh, nikampigia: funga vaisi ya mkono wa kushoto. Nimerudi nimeikuta upande wa kushoto!

– Si ulisema ya left, madam? Left ndio hii!

Nimempigia kelele. Kisha nikacheka, maana kweli nilisema. Bolti nne, na amezikaza kama za daraja. Nimechora misalaba minne kwa penseli upande wa kulia, patakapotobolewa. Jumamosi asubuhi naihamisha mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetoka na spana saa mbili. Mlango uko wazi. Baba yumo ndani!

Amekuja peke yake, na fimbo yake. Amesimama mbele ya benchi. Kimo chake hasa, inchi thelathini na mbili. Anapapasa vaisi.

– Nani aliifunga hapa?

Nikasema ni mimi. Sijui kwa nini. Nilitaka kuendelea, nimweleze habari ya Maingi na simu, akanitangulia.

– Kila mtu ananiambia nizoee kushoto. Daktari, dada yako, hata padre. Wewe peke yako umeniwekea ya kulia.

Nikaitia spana mfukoni.

Akaomba kipande cha mvule. Akaweka mkono wa kulia kwenye mpini wa vaisi. Vidole havikufumba. Nikasogea – akasema nisimsaidie, nitoke, nimwachie mwanga wake. Ndiyo maana niko hapa nje kwenye ndoo iliyofudikizwa, naandika.

Dakika kumi zimepita. Kisha chuma kimelia, kidogo. Mzunguko mmoja? Sijui kwa mkono upi. Sichungulii. Naogopa kutumaini na bado natumaini.

Sasa ameniita.

– Mama! Hii misalaba ya penseli huku kulia ni ya nini?

Alama zangu za kutoboa anazijua. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzichora. Ananisubiri. Nafunga daftari, naingia na spana mfukoni.