Walichosema kwa Kinyakyusa

Guangzhou, China

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na goti limepoa sasa baridi ya huko inapoachia. Baba naye anaendeleaje, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia.

Nimempa barua hii dada mmoja anayekuja huku kununua nguo za duka lake la Mwanjelwa. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe simu unaiweka sauti kubwa mpaka jirani anasikia, na hili nataka ulisome kwanza ukiwa peke yako.

Wiki iliyopita uliniambia mjomba Asajile alisimama kanisani akashukuru kwamba mtoto wao aliye China amewapatia wakulima soko la parachichi. Ukasema watu walipiga makofi. Mama, nilikata simu nikisingizia mtandao. Mtandao haukuwa na shida yoyote.

Sikia ilivyokuwa. Siku ile ujumbe wa wakulima ulipofika, asubuhi palikuwa na hotuba. Mheshimiwa mmoja kutoka nyumbani alieleza urafiki wa nchi hizi mbili, akataja reli inayopita Mbeya kwenda Zambia, na wazee wetu waliotoboa milima bega kwa bega na Wachina. Nilitafsiri kwa fahari, maana nilijua babu alikuwa mmoja wao. Mchana tukaingia chumba kidogo kujadili bei. Upande mmoja alikaa bosi wangu, mnunuzi, nami pembeni yake kama mkalimani wake. Upande wa pili walikaa mjomba, mzee Lugano wa Tukuyu, na Mama Anitha, mkulima kutoka Iringa.

Mjomba aliponiona alicheka, akawaambia wenzake, "Huyu mkalimani ni mtoto wa dada yangu. Hapa tupo nyumbani."

Bosi akataja bei. Ilikuwa ya chini sana. Mama Anitha akatikisa kichwa. "Kwa bei hiyo, bora tuyale wenyewe."

Mjomba akamgeukia mzee Lugano, wakaongea Kinyakyusa. Hawakushusha hata sauti. Mjomba alisema yule mnunuzi wao wa Ulaya ameshajitoa, matunda yameshakomaa mitini, na wakibanwa itabidi wakubali hata bei hiyo. Ila kwanza wajaribu kukaza msimamo.

Bosi akaniuliza kwa Kichina, "Wanasema nini?"

Ningeweza kusema wanaongea habari za nyumbani. Ningeweza kusema sikusikia vizuri. Lakini kibali changu cha kazi kilikuwa kinakaribia kuisha, na wa kukiombea upya ni yeye. Akagonga meza kwa kalamu. Nikamwambia yote, mama. Sikubakiza neno.

Akafunga faili lake, akasema bei ni hiyo hiyo, na wakitoka nje ya mlango hata hiyo haitakuwepo. Mama Anitha alitaka waombe siku moja ya kufikiri. Mjomba akasema hakuna haja, akaweka sahihi.

Kwenye korido Mama Anitha alinishika mkono. "Mwanangu, hawa wamejuaje kwamba hatuna mnunuzi mwingine?"

"Labda wamebahatisha tu, mama," nikamjibu.

Aliniachia mkono. "Haya," akasema, akaenda zake.

Mjomba yeye alinikabidhi ule unga wa ulezi uliompa aniletee. Akasema, "Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Bila wewe tungepotea huku." Nilipika uji, nikaumwaga.

Baada ya ile simu yako nilimwendea bosi. Nikamwambia nitatafsiri yale watu wanayomwambia yeye, siyo wanayoambiana wenyewe. Hakufoka. Alinihamishia ghalani, kubandika lebo kwenye maboksi. Kibali alikuwa ameshanipatia. Kwa hiyo kile ambacho niliwauza ili nikipate, nilikipata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nakuomba umsomee mjomba barua hii kabla hajasimama tena mbele za watu kunisifu. Usinipunguzie kitu, nakujua, unapenda kutufunika watoto wako. Mwambie pia kwamba mkataba ule ni wa msimu huu tu. Watakapokuja kuzungumza upya, waje na mkalimani wao. Mimi wasinikubali, hata nikijitolea bure.

Mama Anitha nimemwandikia mwenyewe.

Nisalimie baba, dada Neema na kichanga chake ambacho mpaka leo nakisikia kikilia kwenye simu tu, na shangazi wa Mbalizi. Mke wa mjomba simtumii salamu kwa sasa. Sina uso.

Na mjomba akikataa kunisamehe, mama, usimsihi.

Binti yako,
Tusekile