Springi za Mbele Alizikata Mume Wangu

Shangazi mpendwa, nishike mkono kabla sijafanya jambo lisilorudishika. Mimi ni mshonaji wa mapazia, na gari langu ni dogo, la zamani, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, siku za kazi nabebea vitambaa na vyuma vya kutundikia, na mwisho wa wiki nalipeleka uwanjani, kwenye zile mbio za njia iliyonyooka ambapo magari mawili yanapangwa sambamba, taa ikiwaka kijani ni nani atafika mwisho kwanza. Aliyenifundisha ni mume wangu mwenyewe, yeye ni fundi wa gereji, na ndiye aliyenichagulia springi za mwanzo, akanieleza kwamba za mbele ziwe laini kiasi ili nikikanyaga mafuta pua ya gari inyanyuke, uzito urudi nyuma, matairi yashike lami, lakini zisizidi ulaini kwa sababu gari hilohilo kesho litapita kwenye kona na matuta likiwa na mzigo. Nikamwamini, gari likatulia, nikaanza kushinda, mpaka wenye magari makubwa wakawa hawapendi kupangwa na mimi.

Msimu huu mambo yakageuka, nikikanyaga mafuta matairi ya nyuma yanazunguka bure, pua haiinuki, na huku mtaani gari linadunda kama mpira, nikamuuliza mume wangu, akasema, "Springi zimechoka, mke wangu, na wewe pia umechoka, pumzika kidogo na hizo mbio." Nikaona huenda ni kweli, nikaanza kuulizia springi mpya, huyu ananiambia chukua ngumu, yule ananiambia chukua laini, nikazidi kuchanganyikiwa, na gari naendelea kuliendesha hivyohivyo.

Juzi nikamchukua mama mkwe kumpeleka kliniki ya macho, mwendo wa taratibu, tukapanda tuta, pua ikaruka, tuliposhuka nikasikia kishindo chini upande wake, usukani ukanivuta, tukaenda kugonga ukuta wa duka la saruji. Mama mkwe alivunjika mkono, na pamoja na maumivu yake alichoniuliza ni, "Mwanangu, wewe umeumia?"

Gari lilipovutwa hadi nyumbani nikalipiga jeki na kufungua gurudumu mwenyewe. Springi ilikuwa imechomoka mahali pake, na ncha yake ya juu imekatwa kwa msumeno, mkato umenyooka, hauna rangi. Nikafungua upande wa pili, nako vilevile. Nikakaa chini hapohapo kwenye mafuta machafu.

Mume wangu aliporudi nikamwonyesha. Akaitazama, akaenda kunawa mikono kwanza, ndipo akasema, "Nilizikata mimi." Kwa sauti ileile ya kusema amefunga dirisha. "Nilitaka ushindwe tu. Pale gereji siku hizi wananiita mume wa dereva. Nilijua ukishindwa mara mbili tatu utaacha mwenyewe."

Nikamuuliza, "Na mama yako je?"

"Sikujua kama ungembeba."

Ndugu zake wakaja kukaa kikao, wifi yangu akasema mbele yangu kwamba ushindani wangu ungemuua mama yao, na mume wangu yupo palepale, anaangalia zulia, akawaacha waamini hivyo. Walipoondoka akanisihi mama asijue, eti presha itampanda, na akaniahidi nichague springi ninazotaka, atazifunga kwa mikono yake. Nichague zipi? Na je, ninyamaze?

Mimi, mshonaji niliyepigwa na butwaa

JIBU

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile ya pili ilibidi niketi. Waume wanaoficha simu nimewazoea. Huyu wako sikumtarajia.

Nianze na springi, maana ni swali la kweli. Nimempigia fundi mmoja wa mambo ya chini ya gari, akaguna kwanza ndipo akajibu. Springi ikikatwa inakuwa fupi na ngumu, ndiyo maana pua ilikataa kuinuka, na gari likiruka inalegea na kuhama mahali pake. Wewe una gari moja la kazi mbili, kwa hiyo chagua kwa ajili ya barabara kwanza. Lipime gari uzito mbele na nyuma, wewe ukiwa ndani, kisha ununue springi nzima, za jozi, za uzito huo, za mbele laini kiasi. Tafuta shokapu, vile vyuma vinavyotuliza mdundo wa springi, ziwe zinazorekebishika: uwanjani unalegeza za mbele pua ipande, ukirudi mtaani unazikaza. Utachelewa kidogo uwanjani. Kubali. Na zifungwe kwenye gereji nyingine.

Nawe nikuseme. Gari linadunda kama mpira, na bado ukampandisha mama wa watu! Ungelipiga jeki siku ya kwanza, mkono ule ungekuwa mzima.

Sasa mumeo. Wivu ni wa binadamu, lakini kushika msumeno ni kuamua. Alikata upande mmoja, akahamia wa pili, akarudisha magurudumu, na kila asubuhi akaagana nawe ukitoka. Tena kuna jibu lake ambalo wewe umelipita mbio, mimi nimekwama hapo. Alisema hakujua kama ungembeba mama yake. Wewe alijua umo ndani.

Kwa hiyo hapana, usinyamaze. Kikao kirudiwe wiki hii, na ndugu walewale, na mama mwenyewe awepo, kama mumeo anahofia presha ya mama yake, amwite daktari. Mumeo aseme kwa mdomo wake. Akishindwa, weka springi mbili mezani useme wewe, kwa sauti ya kawaida, bila matusi. Akimaliza kumwomba mama yake radhi, ngoja uone kama atageuka akuombe na wewe. Akikuomba bila kuongeza "lakini", msikilize. Akiongeza, beba cherehani yako uende kwa ndugu zako, na uamuzi mwingine ufanyie huko.