Nimepiga kelele za nanga sebuleni kwa Kaka

Shoga, leo nimeumbuka! Mbele ya ukoo mzima!

Kaka kaitisha kikao kwake, eti mimi na mume wangu tuhame kwenye boti yetu ya matanga, turudi nchi kavu tuishi kama watu. Mimi nahisi sakafu yao inanibembeza kama bado niko majini.

Mara upepo ukapiga bati. Puu! Sikufikiri. Nikaruka, nikazoa vikombe vyote mezani, hata cha Shangazi kilichokuwa kinaelekea mdomoni, nikakimbia kuvitia kwenye sinki, kama tufanyavyo botini upepo ukivuma, huku nikipiga kelele: "Nanga imeshika?"

Nanga! Sebuleni!

Shangazi akasema, "Mnaona? Akili imeshamruka."

Nikapandisha mori. "Mikono imeota sugu, sawa! Natembea kama bata, sawa! Lakini kwenye nyumba zenu hizi bila vidonge silali. Kule nalala fofofo. Sihami ng'o!"

Nikabeba mkoba, nikatoka.

Shangazi huyo nyuma yangu mpaka getini. Nikajiandaa kwa matusi. Akanishika mkono, akanong'ona:

"Mwanangu, mimi hivyo vidonge vya usingizi navimeza mwaka wa tatu huu. Hiyo boti yenu ina kitanda cha wageni?"